Ganzi imeisha. Enameli je?

Mdogo wangu si mtu wa ujumbe mrefu. Jioni hiyo alinitumia picha mbili kwenye WhatsApp. Ya kwanza ni boksi la dawa ya meno lenye maandishi ya rangi ya fedha kwamba dawa iliyomo inarekebisha enameli, lile gamba gumu la nje la jino, na pembeni kibandiko cha bei kilichonifanya niivute picha kwa vidole nihesabu sifuri upya. Ya pili ni mdomo wa mpwa wangu wa kike, kashikwa kidevu, kaambiwa acheke. Meno mawili ya mbele ya ukubwani ndiyo kwanza yamemaliza kutoka. Yana mabaka meupe ya chaki, na kwenye la kushoto kuna mstari wa kahawia unaokatiza jino kwa upana.

Chini akaandika: "Kaka, hii inarudisha kweli? Dukani wanasema ndani ya mwezi."

Wakati huo nilikuwa mezani, nasubiri msaidizi wa akili mnemba amalize kuniandikia kipande cha programu. Na bafuni kwangu kulikuwa na dawa ya jamii hiyohiyo, tena ya bei kubwa zaidi, tena nilishaisifia ofisini hadi wenzangu wakaagiza zao.

Nikamjibu, "Ngoja kwanza mama, nitakupigia."

Sikupiga siku hiyo. Wala wiki ile.

Rangi ya nyumbani

Sisi ni watoto wa Usa River, chini ya Mlima Meru. Msomaji wa Arusha keshaelewa, aruke aya mbili.

Kwa wengine: kwetu kuna mto unaitwa Maji ya Chai, na kizazi chetu kimekua na meno yanayofanana na jina hilo. Shuleni hakuna aliyemcheka mwenzake, kwa sababu hakuna aliyekuwa na meupe ya kutosha kuanza kucheka. Nilikuja kuambiwa nina tatizo nilipofika Dar kusoma chuo, na aliyeniambia alikuwa daktari wa meno. Alianza kwa kuniuliza navuta pakiti ngapi kwa siku. Sijawahi kuvuta.

Meru ni volkano, na maji yanayopita kwenye miamba yake yanabeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, na kabla ya hapo maji ya vijijini yaliruhusiwa hata 8. Ukiweka kipimo kikali, kuna vijiji ambavyo ungelazimika kufunga kila bomba. Halafu kuna magadi. Bibi hakuwahi kupika maharage wala makande bila kutupia magadi yaive haraka, na magadi nayo yana floraidi yake. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu amekunywa maji mazuri tangu kuzaliwa na meno yake bado yana mistari.

Kinachochanganya watu ni kwamba floraidi hiyohiyo ndiyo iliyomo kwenye dawa ya meno ya kawaida. Mwaka 1901 daktari wa meno kijana, Frederick McKay, alihamia Colorado Springs, Marekani, akakuta wenyeji wana madoa ya kahawia ambayo hakuna kitabu kilichoyaeleza. Alihangaika nayo miaka mingi. Katika kuhangaika huko akaona jambo la ajabu: meno yale mabaya kwa sura yalikuwa hayaozi ovyo. Jibu lilipatikana mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill wa kampuni ya aluminiamu alipoyapima maji na kukuta floraidi. Kutoka kwenye madoa yale ndiko wazo la floraidi kinga lilikoanzia. Kidogo inalinda jino. Nyingi, utotoni, inalichafua.

Na utotoni hapo maana yake ni jino likiwa bado ndani ya fizi. Mabaka hayo hutokea enameli inapotengenezwa, tangu uchanga hadi kwenye umri wa miaka kama 8. Jino likishatoka, limetoka hivyo.

Haya yote nilikuwa nayajua. Lakini bado sikuweza kumjibu mdogo wangu.

Nilichokuwa nakihisi

Dawa yangu ina haidroksiapataiti, madini yaleyale ambayo enameli imejengwa nayo. Kampuni ya Sangi ya Japani ilianza kuuza dawa ya meno yenye madini hayo mwaka 1980, kwa hiyo si uvumbuzi wa jana, ingawa matangazo ya Instagramu yanaongea utadhani imeshushwa bandarini asubuhi ya leo. Mimi niliianza kwa sababu ya ganzi. Nikinywa maji ya friji, meno ya juu upande wa kulia yalikuwa yanapiga hadi kwenye jicho. Baada ya wiki kadhaa ganzi ikaisha. Ulimi ukipita, meno yanateleza.

Nikasema enameli inarudi. Boksi lilisema itarudi, mdomo ukakubali, kesi ikafungwa.

Picha ya mpwa wangu ndiyo iliyoifungua upya. Yeye hana ganzi. Hana hata jino moja linalomuuma. Sasa kama dawa hii inarudisha enameli, itamfanyia nini yeye?

Nikaanza kusoma usiku, baada ya kazi. Kwa uzito, enameli ni madini kwa karibu asilimia 96, na seli zilizoitengeneza hufa jino linapochomoza. Ni ukuta ambao mafundi wake wamelipwa wakaondoka na hawana simu. Kinachowezekana baada ya hapo ni kidogo, ingawa si bure. Ukinywa soda au juisi ya ukwaju, asidi inashusha pH ya mdomo. Ikipita chini ya 5.5 hivi, madini yanaanza kutoka kwenye enameli. Mate yakituliza hali, kalsiamu na fosfeti zinarudi kwenye vishimo vidogo vilivyoachwa, na floraidi au haidroksiapataiti inasaidia zirudi. Kwa njia hiyo doa jeupe la mwanzo wa kuoza linaweza kusimamishwa, hata kurudi nyuma. Kipande kilichomeguka hakirudi. Kilichosagika kwa kusaga meno usingizini hakirudi. Na mstari wa kahawia wa mtoto wa Usa River haumo kwenye hesabu hiyo kabisa, kwa sababu hakuna kilichoondolewa na asidi pale. Jino liliundwa hivyo.

Na ganzi, je?

Chini ya enameli kuna dentini, na dentini ina mirija myembamba mno inayoelekea kwenye neva. Shingo ya jino ikibaki wazi, baridi inayasukuma maji yaliyomo ndani ya mirija na neva inalalamika. Ukiziba midomo ya mirija, malalamiko yanaisha. Dawa nyingi za kurekebisha enameli hufanya hivyo, na hufanya vizuri. Mojawapo ya viungo vyake, NovaMin, ni unga wa kioo. Asili yake ni kazi ya Larry Hench wa Chuo Kikuu cha Florida, ambaye mwaka 1969 alitengeneza kioo kinachoshikamana na mfupa, baada ya mazungumzo na kanali wa jeshi aliyekuwa ametoka Vietnam, alikoona askari wakikatwa viungo. Kioo kilichokusudiwa kuokoa mguu wa askari, leo kimesagwa kinaziba mirija ya mtu anayependa barafu kwenye soda yake.

Tena jina la boksi lisikutoshe, geuza usome nyuma. Kwa miaka mingi Sensodyne Repair & Protect iliyouzwa Ulaya na Kanada ilikuwa na NovaMin, wakati ile ya Marekani, jina lilelile, ilitumia floraidi ya bati. Mtu wa Toronto na mtu wa Chicago wanaweza kubishana usiku kucha kuhusu dawa moja kumbe ni mbili.

Kwa hiyo mdomo wangu haukunidanganya. Ganzi iliisha kweli. Ila nilikuwa nimeuuliza habari za enameli, ukanijibu habari za mirija.

Hapo ndipo usingizi ulipopotea, maana sikuwa nafikiria meno tena.

Upesi

Ofisini kwetu tunalipia msaidizi wa akili mnemba anayekaa ndani ya kihariri, programu tunayoandikia kazi zetu. Unaandika mstari, anakumalizia. Unamweleza unachotaka, anakuletea faili zima. Nimekuwa nikisema kwa yeyote anayeuliza kwamba kazi yangu imekwenda mbio maradufu. Sina sababu ya kusema hivyo isipokuwa moja: najihisi hivyo.

Mwaka 2025 taasisi ya METR ya Marekani ilitoa utafiti uliowakera watu wengi wa fani yetu. Walichukua watengenezaji programu 16 wazoefu, kila mmoja akifanya kazi kwenye mradi wa programu huria anaoufahamu kwa miaka. Kazi zilikuwa 246, na kila kazi iliamuliwa kwa bahati nasibu: hii msaidizi anaruhusiwa, hii haruhusiwi. Kabla ya kuanza, walitabiri kwamba msaidizi angewapunguzia muda kwa asilimia 24. Walipomaliza waliamini amewapunguzia asilimia 20.

Saa ilisema amewaongezea asilimia 19.

Watu 16 ni wachache, zana zimebadilika tangu wakati huo, na mradi unaoujua vizuri ndio mahali ambapo msaidizi ana machache ya kukuongezea. Yote hayo nayakubali. Kilichonikaa kooni si ile 19. Ni kwamba walikuwa wamemaliza kazi, wamekaa nayo saa nzima wenyewe, na bado hisia zao zilikuwa upande wa pili wa sifuri.

Nikaanza kujichunguza nikiwa kazini. Nikiandika mwenyewe, nakwama, nainuka, nakwenda dirishani, narudi. Kila kukwama nakukumbuka. Nikiwa na msaidizi sikwami. Nasoma alichoandika, namkosoa, anaandika tena, nasoma tena. Dakika zinapita bila kuuma. Inawezekana kabisa kwamba kinachoisha ni ile ganzi ya kukwama tu, na kazi yenyewe iko palepale.

Kadi ya GB 256

Kinachonishangaza ni kwamba kwenye vifaa mimi si mtu wa kuamini hisia hata kidogo.

Memori kadi ikiingia mikononi mwangu haikai kwenye simu kabla haijapita kwenye F3. Hii ni programu ya bure inayofanya kazi ya kijinga na ya maana sana: amri ya f3write inaijaza kadi faili hadi mwisho, halafu f3read inasoma kila kilichoandikwa na kulinganisha. Niliwahi kununua Kariakoo kadi ya GB 256 kwa bei ya kuonea huruma muuzaji. Simu ikaipokea, ikaandika 256 bila wasiwasi. F3 ikaanza kusoma: faili la kwanza sawa, la pili sawa, mpaka la saba. La nane likaja limeharibika nusu. Kuanzia hapo hadi mwisho, kila faili limepotea.

Kadi bandia haijazi na kukataa, na huo ndio ubaya wake. Kidhibiti chake kimefundishwa kutaja ukubwa ambao hakina, na ukipita uwezo wake wa kweli, data inaandikwa juu ya nyingine au inatupwa, kimyakimya. Utapiga picha za harusi siku nzima, na kila mara kadi itajibu kwamba imehifadhi. Muuzaji nilipomrudia alinionyesha simu: "Si hii hapa, imeandika 256?" Kwake yeye ushahidi ulikuwa umekamilika.

Pawabenki nazo nina kipimo chake, kidude kidogo cha USB chenye kioo kinachoonyesha volti, ampea na wati-saa. Pawabenki ya mAh 20,000 ya kweli haiwezi kukupa mAh 20,000 kwenye simu, kwani hesabu hiyo imefanywa kwa volti 3.7 za betri ya ndani. Hiyo ni kama wati-saa 74. Zikigawanywa kwa volti 5 za tundu la USB zinabaki mAh 14,800, kabla ya kupotea nyingine kwenye joto. Kwa hiyo ukipata 12,500 au 13,000 usigombane na mtu, umeuziwa halali. Ukipata 4,000, kagombane.

Hata kwenye kazi yangu ya kila siku nina chombo cha aina hiyo nikipendacho kuliko vyote: git bisect. Programu ilikuwa inafanya kazi mwezi uliopita, leo haifanyi, katikati kuna mabadiliko 1,000 ya watu mbalimbali. Kila mtu ofisini ana hisia kuhusu aliyeharibu, na mara nyingi hisia zinamwangukia mgeni. Bisect haina habari na wageni. Inaigawa historia katikati, unajaribu, unaijibu nzuri au mbaya, inagawa tena. Kwa majaribio kama 10 imekushikia badiliko lenyewe na jina la mwenye nalo. Sijui ni mara ngapi mgeni ametoka mzima.

Basi mtu mwenye F3, kipimo cha USB na bisect anawezaje kupima meno yake kwa ulimi?

Kalamu ya maji

Nilikwenda nyumbani sikukuu ilipofika. Kwa mdogo wangu nilikuta kifaa kipya: kalamu ya kupimia maji, ile ya kutumbukiza kwenye glasi ikakuonyesha namba. Aliipewa na muuza mashine za kuchuja maji, aliyepita nyumba hadi nyumba akionyesha maajabu.

Nikafurahi. Hatimaye kipimo!

Kwa mama, nyumba ya pili kutoka hapo, kuna ndoo ya mifupa. Walio nje ya mkoa labda hawaijui. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapo karibu na kwetu, kimekuwa kikifanyia kazi uondoaji wa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe: mifupa inachomwa kwenye tanuri kwa hewa kidogo, inavunjwavunjwa, inachekechwa, inajazwa kwenye ndoo yenye bomba chini. Punje zake ni nyeusi za kijivujivu, ngumu, zinakwaruza kidole. Isipochomwa vizuri maji yanatoka na harufu ambayo hutaki kuieleza kwa mgeni. Ikichomwa vizuri huoni tofauti yoyote, si kwa macho wala kwa ulimi.

Nikachota glasi ya bomba na glasi ya ndoo. Nikatumbukiza kalamu. Zikapishana kwa namba mbili tatu hivi, kitu cha kupuuza. Kwa mujibu wa kalamu, ndoo ya mama ilikuwa pambo.

Mdogo wangu akaguna. "Yule kijana alisema hivyohivyo. Kasema mifupa ni imani za zamani."

Kalamu ile hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha inakisia jumla ya chumvi zote zilizoyeyuka. Maji yenye chumvi za jumla miligramu 200 kwa lita yanaweza kuwa na floraidi 4 au nusu, na kalamu haitaona tofauti. Mifupa haiondoi chumvi zote, inashika floraidi na kuachia vitu vingine. Mashine ya yule kijana inaondoa karibu kila kitu, floraidi ikiwemo, kwa hiyo namba inaanguka na mteja anatoa pochi. Kalamu haikusema uongo. Kijana naye, nadhani, hakusema uongo kwa makusudi. Alikuwa na kipimo na alikiamini.

Nilijaza chupa mbili, nikazipeleka maabara ya maji. Majibu yalipotoka, bomba lilikuwa limepita 1.5 zaidi ya mara mbili. Ndoo ilikuwa chini ya 1.

Kumbe hata kupima kunaweza kukupoteza, ukipima kitu cha jirani.

Nilicheka peke yangu nilipokuja kusoma mkaa wa mifupa umetengenezwa na nini. Sehemu yake kubwa ni haidroksiapataiti. Yaleyale madini ya kwenye tyubu yangu ya bei ya kutisha yamejaa ndoo jikoni kwa mama, kutoka kwenye mifupa iliyobaki buchani. Na yanafanya kazi kwa tabia ileile: floraidi inapenda kushikamana nayo. Kwenye jino tunaishangilia, kwenye ndoo tunainasa isifike kwenye jino la mtoto. Si mifupa peke yake, hapohapo Arusha kuna kazi nyingine. Mwanasayansi Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015 kwa chujio lake. Ila ndoo ya mama ndiyo niliyokuwa nayo mbele.

Ina shida moja ambayo mtu wa kompyuta hawezi kukosa kuiona. Mifupa ikishashiba floraidi, haikuambii. Maji yanaendelea kutoka safi, matamu, na floraidi imo. Bila kuyapeleka maabara mara kwa mara, siku ya kushiba utaipita bila kujua. Ni ile kadi ya Kariakoo tena.

Jibu

Nilimwambia tukiwa uani, anachambua mchicha.

"Kwa ile mistari haitasaidia. Haikuwekwa na asidi, ni ya ndani ya jino."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Akikua, daktari wa meno anaweza kusugua tabaka la juu ikapungua, au kuifunika. Dawa ya kupigia mswaki haifiki huko."

Akaendelea kuchambua. Nilitegemea aulize bei za daktari. Hakuuliza. Alimwangalia mdogo wa binti yake, mtoto wa miaka miwili aliyekuwa anapiga sufuria kwa mwiko.

"Na huyu? Ya kwake ya ukubwani si ndiyo yanatengenezwa sasa?"

Mimi nilikuwa nimetumia majuma kufika hapo. Yeye alifika kabla mchicha haujaisha.

Alikuwa anachemsha maji ya watoto kila siku, kwa uangalifu, na hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa ngumu kumwambia. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini floraidi haiendi na mvuke. Maji yanapungua, floraidi inabaki, kila lita inazidi kuwa nayo. Tulikubaliana maji ya kunywa na ya uji ya watoto yatoke kwenye ndoo ya mama, kisha yachemshwe. Mvua ikinyesha, tanki la paa litumike, maji ya mvua yana floraidi kidogo sana. Magadi kwenye makande ya watoto, basi. Dawa ya meno ya kawaida kwa mtoto huyo mdogo iwe ukubwa wa punje ya mchele, na atemeshwe, asimeze.

"Na hii niliyonunua?"

"Una ganzi?"

"Maji ya baridi yananisumbua kidogo."

"Basi ni yako."

Karume au nyati

Niliporudi Dar nikasema safari hii napima mwenyewe, kote kuwili.

Kwa meno nilianza kwa mbwembwe. Watafiti wa meno wana mbinu ya kugawa mdomo: upande mmoja tiba hii, upande wa pili tiba ile, mtu mmoja anajilinganisha na yeye mwenyewe. Nikanunua miswaki miwili, wa bluu wa kulia kwa dawa ya bei mbaya, wa kijani wa kushoto kwa ile ya kawaida. Mke wangu alinikuta nikibadilisha mkono katikati ya kupiga mswaki. Nikamweleza mbinu nzima, kwa fahari. Akasikiliza hadi mwisho.

"Halafu unasukutua pande zote mbili kwa maji hayohayo?"

Na mate nayo hayakai upande mmoja. Baadaye nilikuta watafiti wenyewe wanalalamikia hilo, lakini wao hawakuambiwa na mtu aliyefunga taulo kichwani. Miswaki nimerudi kwenye mmoja. Dawa yenye haidroksiapataiti nimebaki nayo hadi tyubu iishe, kwa sababu ya ganzi, na sitaagiza nyingine. Ya dukani yenye floraidi ya kutosha, yaani sehemu 1,000 hadi 1,500 kwa milioni, inatosha kinywa changu. Ofisini nimewaambia waliofuata ushauri wangu. Mmoja amenijibu kwamba yake inarudisha enameli, anahisi.

Kwa msaidizi wa akili mnemba mambo ni rahisi zaidi, kwani kazi zangu hazina mate. Kila kazi ikiingia naandika kwanza nadhani itachukua muda gani, kisha narusha sarafu ya shilingi 500, yenye Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Ikiangukia Karume, namtumia msaidizi. Ikiangukia nyati, namzima nafanya mwenyewe. Saa inaanza kuhesabu nikifungua faili, inasimama majaribio yote yakipita na mwenzangu akikubali mabadiliko. Si nikimaliza kuandika. Hapo ndipo nilipokuwa najipunja, maana msaidizi humaliza kuandika haraka na kunichelewesha kwenye kusahihisha.

Kazi bado ni chache, sitaki kutoa hukumu. Kwenye lugha nisiyoizoea, Karume yuko mbele na sioni atakavyopitwa. Kwenye mfumo wa malipo nilioujenga mwenyewe na ambao naujua kila kona, nyati anaongoza, tena kwenye zile siku ambazo ningeapa kwamba msaidizi ameniokoa. Safu ya makisio yangu ndiyo inayochekesha kuliko zote. Kila ikiangukia Karume, nakisia muda mfupi, na kila mara nakosea upande uleule.

Bosi anataka jibu kabla leseni haijaisha mwisho wa mwezi. Juzi kaniuliza tu kwa mdomo, tukiwa kwenye foleni ya chakula, kama zana inasaidia. Nikamwambia asubiri daftari. Akaniangalia. Mwezi uliopita si ndiye mimi niliyemwambia imefanya kazi yangu kuwa maradufu?